Mazutu Ilichukuliwa na Nani

Kitabu changu cha kufundishia Kiingereza kilichapishwa mbali sana na Kolwezi, na wezi waliomo ni wezi wa mbali. Mkufu wa bibi mmoja unapotea hotelini. Picha inaibwa katika nyumba ya makumbusho. Askari mwenye koti refu anawauliza wageni maswali huku wanakunywa chai. Kwa miaka mingi niliwasomesha watu wa Manika, mtaa wetu hapa Kolwezi, habari za mkufu ule, na kila nilipofika ukurasa huo niliona macho yao yakihamia dirishani, kwenye pikipiki zinazopita.

Wanafunzi wangu ni watu wazima. Tunakutana alasiri katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, ofisi zinapofungwa. Karibu wote wanataka kitu kimoja: kazi katika kampuni za madini, au cheo kikubwa zaidi katika kazi waliyo nayo. Kule wakubwa wanasema Kichina au Kiingereza, na Kichina mimi sikijui. Mwaka ule wengi wao walikuwa walinzi au walitaka kuwa walinzi. Waliniomba niwafundishe maneno ya uhalifu: mwizi, mshukiwa, shahidi, ushahidi, kukamatwa, kuachiliwa. Mlinzi asiyeweza kueleza kwa Kiingereza kitu gani kimepotea hapandi cheo. Niliwakubalia, nikawaambia kwamba pamoja na maneno hayo tutasoma pia namna ya kutendwa, kwa kuwa ripoti za walinzi hupenda kusema kitu kiliibwa, mtu alikamatwa.

Hapo nilipata shida. Kiswahili chetu cha Katanga hakijazoea kutendwa. Mtu wa pwani atasema ameibiwa simu. Sisi tunasema baliniibia telefone. Balimukamata. Balimufukuza. Hao "ba" ni akina nani, hakuna anayeuliza, na msemaji hadaiwi kueleza. Ni wao wanaoiba nyaya, wanaokata umeme, wanaopandisha bei ya unga. Basi kila nilipowaomba wanafunzi waseme kwa Kiingereza kwamba waya iliibwa, walijibu kwamba waliiba waya. Nilirekebisha, wakajaribu, wakarudi palepale.

Mimi ni mtu wa majivuno katika kazi yangu. Sipendi darasa lilale. Siku hiyo nilikifunga kitabu, nikaandika kwenye tablo neno dogo la Kiingereza, by, linalofanya kazi ileile ya "na" tunaposema kitu kiliibwa na fulani. Niliwaambia kwamba alasiri hiyo sitakubali sentensi yoyote isiyo na neno hilo, na mtu nyuma ya neno hilo. Nikawaambia pia wamwache bibi na mkufu wake. Kila mmoja alete wizi wa hapa kwetu, wizi anaoujua.

Nakumbuka vizuri kwamba nilisema "anaoujua".

Walianza kwa hofu, kisha wakachangamka. Kuku wa jirani alichukuliwa na mwalimu wa kwaya. Viazi vilichukuliwa na mama mkwe. Watu walicheka mpaka mtunza kanisa akachungulia mlangoni. Zamu ikamfikia dereva.

Huyu alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alizaliwa hapa Kolwezi, lakini babu yake alitoka Maniema akifuata biashara ya vitambaa, na ukoo wao wote, Waislamu, ni wachuuzi na wasafirishaji. Yeye aliendesha kamio, lori la kubeba madini hadi mpakani. Alikuja kwangu kwa sababu, kama alivyosema siku ya kwanza, amechoka kusemewa na wengine kila anapovuka kuingia Zambia. Alisoma akiwa amekaa kwenye kamio, alisoma akingoja foleni, na alikuja darasani na maneno ambayo hata mimi ilinibidi niyafikirie.

Kwenye benchi moja na yeye alikaa mlinzi. Watu wake walitoka Kasai, wakaletwa kufanya kazi za mgodi enzi za mababu, na yeye mwenyewe alilinda parking ya kampuni ileile ambayo dereva aliitumikia. Alikuwa mtu wa maneno machache, mzito wa matamshi, na hakuwahi kukosa somo. Kwamba wanafanya kazi mahali pamoja nilijua. Mimi ndiye niliyewakalisha benchi moja ili wafanye mazoezi pamoja.

Dereva alisimama, akasema kwamba mazutu, yaani dizeli, ilichukuliwa kutoka tangi la kamio. Sentensi ilikuwa safi. Nikamwonyesha lile neno kwenye tablo. Akatabasamu, akasema ilichukuliwa na mwizi. Nikamwambia hiyo ni njia ya mkato, darasa linataka mtu, si cheo. Wenzake wakaanza kumshangilia. Akanitazama kidogo, kisha akatazama tablo, na nikaona kile ambacho kila mwalimu anakijua, mwanafunzi mzuri anapotaka kumpendeza mwalimu wake. Akasema ilichukuliwa na kaka wa mke wake.

Darasa lilipiga makofi. Mimi sikusikia habari, nilisikia sarufi. Alikuwa amesema "kaka wa mke wangu" kwa mpangilio wa Kifaransa, na Kiingereza kina namna nyingine fupi zaidi. Nikaiandika sentensi yake nzima kwenye tablo, nikaisahihisha, nikawaambia wote wairudilie pamoja. Tulisema kwa sauti moja, madirisha yakiwa wazi, kwamba mazutu ilichukuliwa na shemeji yake. Tukasema tena.

Mlinzi hakufungua mdomo. Alikuwa amekaza macho kwenye tablo. Nami, nisiyevumilia uvivu, nilimwita kwa jina nikamwambia airudilie peke yake. Akasita. Nikasema hatuendi mbele mpaka airudilie. Alisimama, akaisema polepole, neno kwa neno, bila kosa hata moja, na nikamsifu mbele ya wote, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema sentensi ndefu hivyo.

Baadaye kidogo dereva aliomba ruhusa aende kuswali. Kwa kawaida aliswali kabla ya kuja. Nilimruhusu, nikaendelea na zamu nyingine.

Juma lililofuata hakuja. Niliambiwa yuko safarini, na madereva husafiri. Mlinzi alikuja, akakaa mwisho wa benchi, akaandika, akaondoka. Sikushtuka mpaka Jumamosi, nilipokuwa naanika nguo na mwanamke mmoja aliyevaa hijabu ya kijani akashuka kwenye teksi-moto, pikipiki ya abiria, mbele ya mlango wangu. Alinisalimia kwa heshima, akakataa kiti mara ya kwanza, akakubali mara ya pili.

"Madame, mi ni bibi ya dereva, mwanafunzi yako," alisema. "Kaka yangu beko naye mu kasho. Ni juu ya maneno yenye bwana yangu alisema mu masomo yako."

Akanisimulia taratibu. Kaka yake alikuwa fundi wa magari katika parking ya kampuni hiyo. Asubuhi moja mkuu wa usalama alimwita ofisini, akamwambia kwamba shemeji yake mwenyewe amekiri mbele ya watu wengi kwamba yeye ndiye anayenyonya mazutu. Polisi wakaitwa, wakamtia kasho, yaani rumande. Kutoka hapo habari ilifika nyumbani kwa wazazi kabla ya chakula cha mchana. Wazee wa ukoo walimwita dereva, wakamuuliza kama ni kweli alimtaja mtoto wao. Hakukana. Alisema alikuwa anajibu swali la mwalimu. Mama mkwe wake alitoka nje, na tangu siku hiyo dereva analala kwa binamu yake, upande mwingine wa mji, na yeye, mke, amekaa na watoto katikati, kila upande ukimngoja achague.

Nilimuuliza lile swali ambalo sikupaswa kuliuliza. Nilimuuliza kama kaka yake aliichukua kweli hiyo mazutu.

Alipanga ncha za hijabu yake juu ya magoti.

"Madame, mi sikukuya kuulizwa kama aliiba. Nilikuya kukulomba uende useme kama ilikuwa mazoezi. Wewe ni mwalimu. Wewe, batakusikia."

Nilimwambia nitakwenda. Alipoondoka nilikaa pale pale, nguo zikiwa bado kwenye beseni. Nilitafuta namna ya kujitetea na nikazipata nyingi. Sikumlazimisha mtu kusema kweli. Angeweza kubuni jina. Ningejuaje? Lakini kila nilipofika mwisho wa utetezi, nilimwona akinitazama, kisha akitazama tablo, nami nikiwa nimesimama na chaki, nikingoja mtu nyuma ya neno.

Jumatatu nilivaa kitenge changu cha kanisani nikapanda teksi-moto hadi ofisi za kampuni, upande wa Musonoi, nyuma ya ile milima ya udongo uliochimbuliwa. Mkuu wa usalama alikuwa mgeni kutoka nchi za kusini, mtu mkubwa, mwenye uso uliochomwa na jua. Alifurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiingereza bila mkalimani. Aliagiza chai. Aliniuliza nilisoma wapi. Kwa aibu yangu lazima niseme kwamba kwa dakika chache nilifurahi pia. Ni nadra kwangu kuongea lugha ninayoifundisha na mtu aliyezaliwa nayo.

Kisha nikamweleza. Nikamwambia kwamba tulikuwa tunasoma maneno ya uhalifu, na kwamba katika somo hilo kila mwanafunzi alipaswa kutunga kosa na mkosaji. Nikamtajia kuku na mwalimu wa kwaya, nikamtajia viazi na mama mkwe. Alicheka. Akaniuliza kama kwa hiyo habari ya mazutu haikuwa na ukweli wowote. Nikamjibu kwamba sentensi ile ilitungwa kwa ajili ya mazoezi. Niliitamka vizuri sana, kwa sauti ya darasani.

Sikuwa na uhakika wa chochote. Kwa kweli nilikuwa na uhakika, na uhakika wangu ulikuwa upande mwingine. Lakini nilimfikiria yule mwanamke na ncha za hijabu yake, na niliona kwamba nalipa nilichoharibu. Mgeni alisema kwamba yeye hana ushahidi mwingine isipokuwa maneno hayo, na hatapeleka mtu mahakamani kwa sababu ya somo la Kiingereza. Kabla sijatoka nje alikuwa ameshika simu.

Fundi aliachiliwa siku ileile. Niliporudi nyumbani nilikula bukari, ugali wetu, kwa hamu kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa. Nilijiona mtu mwema.

Sijui kwa nini sikufikiria kitu kimoja kilicho wazi kabisa: kwamba maneno ya darasani hayakutembea yenyewe mpaka ofisini. Mtu aliyapeleka. Na mimi nilipoyafanya kuwa upuuzi, nilimfanya aliyeyapeleka kuwa mpuuzi, au mchonganishi.

Alikuja mwisho wa juma, somo lilipokwisha na wengine wametoka. Alisimama mlangoni bila sare, na nikagundua kwamba sikuwahi kumwona bila sare.

"Madame," mlinzi alisema, "balinifukuza."

Katika lugha yetu hakuna anayeuliza "ba" ni akina nani. Safari hii nilijua.

Nilimwomba akae. Alikaa kwenye benchi lake lilelile, na kwa sauti yake nzito alinieleza, bila hasira, kama mtu anayetoa ripoti. Alikuwa amemwona fundi na bidoni, dumu la mafuta, kwa macho yake, si mara moja. Hakusema kwa sababu alikuwa peke yake. Neno la mlinzi dhidi ya neno la fundi aliyependwa na wote lingemrudia. Alikaa nalo muda mrefu, na kila mazutu ilipopungua wakubwa waliwatazama walinzi. Halafu siku ile, darasani, alimsikia dereva. Aliona kwamba Mungu amempa shahidi wa pili. Hata hivyo alisita. Mke wake alimwambia anyamaze. Mwishowe alikwenda, kwa sababu baba yake na babu yake walikula mkate wa mgodi bila kuiba hata msumari, na yeye hakutaka kuitwa mwizi getini.

"Madame alinilazimisha nirudilie ile phrase," alisema. "Nilirudilia. Njo ileile nilirudilia kwa shefu wa usalama."

Nilimwambia kwamba nilikwenda kwa ajili ya familia ya dereva. Akasema anajua. Nilimwambia kwamba sikujua kama ni yeye. Hapo alinitazama, na mimi niliona haya, kwa kuwa katika benchi lile hapakuwa na mtu mwingine wa kampuni ile isipokuwa wao wawili. Nilimwambia nitarudi kwa yule mgeni nimweleze vizuri. Aliinuka, akaniambia nibaki na amani.

Sikwenda kesho yake. Nilijiambia kwamba nikirudi kusema kweli, fundi atarudi kasho, na yule mwanamke atakuwa amenishukuru bure. Nilijiambia ningoje Pasaka ipite. Nilikwenda kwa padri, nikamweleza kwa mafumbo, naye akanijibu kwa mafumbo. Nilipopata moyo na kufika tena kwenye ofisi zile, mlinzi mpya getini aliniambia kwamba yule mgeni amemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Aliyeshika nafasi yake hakunipokea. Alimtuma katibu kuniambia kwamba mambo ya zamani yamefungwa.

Nimewahi kujiuliza kama nilijua kwamba atakuwa ameondoka. Sikujua. Lakini nilipopewa habari hiyo getini, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko uongo wenyewe.

Dereva hakurudi darasani. Alikaa mbali na ukoo wa mke wake mpaka wazee wa pande zote mbili walipokutana na kumaliza, akalipa mbuzi, akahamia Kasumbalesa karibu na mpaka. Mke wake na watoto walimfuata baadaye. Nilikutana na mtu aliyemwona kule. Alisema Kiingereza chake kimekuwa kizuri kiasi kwamba madereva wengine humwita awasemee.

Fundi aliacha kazi kwenye kampuni. Siku hizi yuko kando ya barabara ya Musonoi, anauza mazutu kwenye bidoni na chupa, chini ya mwavuli, watu wote wakimwona. Mara ya kwanza niliyopita hapo alisimamisha teksi-moto yangu kwa kelele za furaha. Aliniita mama yake. Aliwaambia waliokuwa karibu kwamba huyu ndiye Madame aliyemtoa kasho kwa Kiingereza kitupu, na akataka nichukue bidoni moja ya bure kwa ajili ya jenereta ya nyumbani. Nilimwambia sina jenereta. Tangu hapo naomba dereva wa pikipiki apite njia ya soko, ingawa ni ndefu.

Mlinzi hakupata tena kazi ya ulinzi. Nilimtafutia nafasi katika shule anayofundisha rafiki yangu, lakini mkurugenzi aliuliza kwa nini alifukuzwa kule, na jibu la kweli lilikuwa refu mno kwa mtu mwenye haraka. Sasa yeye na mke wake wanafuata makala, yaani mkaa, kule Mutshatsha, wanayaleta kwa treni treni inapotembea, kwa kamio isipotembea, na wanayauza nyuma ya soko. Nilijua muda mrefu kabla sijathubutu kwenda. Nilipokwenda nilijifanya nimekuja kununua tu.

Mke wake alinitambua kabla yake. Ni mwanamke mrefu, mwenye vidole vyeusi vya kazi ile. Hakunitukana, hakunichekea. Alichagua gunia, akalifungua kidogo juu, akavunja kipande cha makala mbele yangu nisikie kinavyolia.

"Iko yakavu, mama," alisema. "Hautalia moshi."

Mume wake alikuja akaanza kulifunga gunia kwenye pikipiki niliyokuja nayo. Nilikuwa nimeandaa maneno, tena kwa Kiswahili, nikitafuta yale ambayo hayana pa kujificha. Nikamwambia, "Ni mi nilikuharibia kazi. Si mutu mwingine." Mikono yake iliendelea kukaza kamba. Nilisema tena, nikidhani hakusikia kwa sababu ya kelele za soko.

"Nilisikia, Madame," alijibu. Alijaribu fundo, akaona limeshika. "Binti yangu wa kwanza anamaliza shule mwaka huu. Anataka Kiingereza. Uko na nafasi?"

Nilisema nafasi ipo. Alitingisha kichwa, akarudi kwa mteja mwingine.

Binti huyo anakuja sasa. Ana umri mdogo kuliko wenzake wote, anakaa mbele kabisa, na anauliza sana. Sitaki alipe, lakini kila mwanzo wa mwezi analeta ada aliyopewa na baba yake, imefungwa kwenye karatasi, na sijapata namna ya kuikataa ambayo haitakuwa tusi. Ninapomsahihisha najisikia nikipunguza sauti. Wanafunzi wengine wameanza kusema kwamba ninampendelea.

Hivi karibuni, tulipokuwa tunafuta tablo pamoja, aliniuliza kama ni kweli kwamba baba yake aliwahi kusoma katika chumba hiki, na kama alikuwa mwanafunzi mzuri. Nilimwangalia nione kama anajua zaidi ya anachouliza. Sikuweza kuona.

Nilimwambia matamshi yake yalikuwa magumu, lakini hakuwahi kukosa somo. Alicheka, akasema hata nyumbani yuko hivyohivyo. Kisha wenzake wakaanza kuingia, nami nikawaambia wafungue vitabu.